Riwaya za Upelelezi na Sheria: Maswali ya Wasomaji wa Chumbi

Riwaya ya upelelezi ni hadithi ya kubuni inayofuatilia uhalifu mpaka aliyeutenda afichuliwe.

Je, ni mambo ya Ulaya tu?
Hapana. Mwaka 1965 Maj Sjöwall na Per Wahlöö walianza nchini Sweden mfululizo wa riwaya kumi za kuikosoa jamii yao. Mwaka huohuo Faraji Katalambulla alitoa Simu ya Kifo hapa kwetu Tanzania, na Mohamed Said Abdulla wa Zanzibar alikwishawatangulia kwa Mzimu wa Watu wa Kale.

Inasemekana zinafundisha uhalifu. Ni kweli?
Hofu ya mzazi inaeleweka, hasa katika ukanda huu wa Rufiji na Kibiti, ambako viongozi wa vijiji na askari waliuawa hadi mwaka 2017. Lakini mtazame Bwana Msa, mpelelezi wa Abdulla: maiti inakutwa penye mzimu, watu wanaogopa, yeye anatafuta ushahidi wa mkono wa binadamu. Somo hilo tunalihitaji sana, kwani uvumi wa uchawi umewaua wazee wengi nchini, na kumtuhumu mtu uchawi ni kosa chini ya Sheria ya Uchawi. Zipo riwaya zenye ukatili mwingi. Mzazi azisome kwanza kabla ya kumpa mtoto.

Naweza kumkamata mhalifu kama afanyavyo Willy Gamba?
Willy Gamba wa Elvis Musiba ni jasusi wa kubuni. Raia anaweza kumkamata anayetenda kosa kubwa mbele ya macho yake, kisha amkabidhi polisi bila kuchelewa. Kumpiga au kumchoma moto ni jinai, hata kama ameiba kweli.

Nikikamatwa mimi?
Una haki ya kuelezwa sababu na kuwasiliana na ndugu au wakili. Ibara ya 13 ya Katiba inakataza kukutendea kama mkosaji kabla kosa halijathibitika. Kwa kosa lisilo la adhabu ya kifo, kanuni ni kufikishwa mahakamani ndani ya saa 24 au kupewa dhamana, yaani kuachiwa kwa ahadi ya kurudi. Dhamana ya polisi hailipiwi.

Nikikuta tukio la uhalifu?
Usiguse kitu, wazuie watu wasikanyage mahali hapo, mwarifu mwenyekiti wa kijiji na upige 112.