Nani Anasoma Faili Lako la Saratani, na kwa Nini?

Mgonjwa wa saratani huacha karatasi nyingi kila anapopita: barua ya rufaa, majibu ya kinyama (kipande cha mwili kinachokatwa na kupimwa), picha za skani, kadi ya mionzi, orodha ya dawa. Daktari huzisoma ili amtibu. Lakini wapo wengine wanaozisoma, wakiwamo makarani wa rejista ya saratani na wakaguzi wa huduma. Una haki ya kujua wanatafuta nini na sheria imewawekea mipaka gani.

Ukaguzi unapima nini

Inayokaguliwa hapa ni hospitali. Wakaguzi huchukua kiwango kinachokubalika, kisha hupekua mafaili waone kama kinafikiwa. Chukua saratani ya matiti. Mpango wa Shirika la Afya Duniani (WHO) uliozinduliwa mwaka 2021 unataka angalau asilimia 60 ya wagonjwa wagundulike wakiwa hatua ya kwanza au ya pili, uchunguzi ukamilike ndani ya siku 60 tangu mgonjwa afike kituoni, na asilimia 80 wamalize matibabu.

Ili kupima zile siku 60, mkaguzi anahitaji tarehe mbili: uliyofika na uliyopewa majibu. Tarehe hizo zikikusanywa kutoka mafaili mengi, huonekana wagonjwa wanakwama wapi: rufaa imechelewa, maabara imezidiwa, au watu wanarudi nyumbani kutafuta pesa ya kipimo.

Utafiti ni jambo jingine. Ukiombwa kushiriki jaribio la dawa mpya, lazima kamati ya maadili iwe imeupitisha mpango huo, nawe uelezwe na uridhie mwenyewe.

Kwa nini waandike jina

Rejista za saratani zina historia ndefu kwetu Afrika Mashariki: ya Kampala ilianza mwaka 1951, ya Eldoret 1999 na ya Nairobi 2001. Kazi yake ni kuhesabu wagonjwa wapya, aina ya saratani, na waliko. Sasa mtu aliyepimwa Dodoma anaweza kupigwa mionzi Ocean Road, Dar es Salaam. Bila jina, umri na makazi, atahesabiwa kuwa wagonjwa wawili. Hata jina lenyewe huleta utata: huku ameandikwa Khadija, kule Hadija.

Rekodi zikishaoanishwa, uchambuzi hauhitaji tena jina. Wanaochambua hupaswa kupewa namba badala ya jina, na ripoti hutoka ikiwa na jumla na asilimia tu. Nchini England na Wales, ambako ukaguzi wa saratani hufanywa kitaifa, wachambuzi hutumia taarifa ambazo zimekwisha kuondolewa majina.

Hata hivyo, kufuta jina pekee hakutoshi. Ripoti ikitaja mtoto mmoja mwenye saratani ya jicho katika kata ndogo, majirani watamjua mara moja. Ndiyo maana waandaaji makini huficha idadi ndogo mno, au huunganisha kata kadhaa kuwa wilaya.

Sheria inasemaje

Kenya ina Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019; Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023. Zote mbili huzihesabu taarifa za afya kuwa taarifa nyeti zinazohitaji ulinzi wa ziada. Una haki ya kuelezwa taarifa zako zinatumikaje, kuziona, na kudai makosa yasahihishwe.

Ridhaa yako haihitajiki kwa kila matumizi, kwa kuwa sheria huruhusu baadhi ya kazi za takwimu na za manufaa ya umma. Unaweza kupinga, ila pingamizi linaweza kukataliwa kukiwa na sababu ya kisheria. Nchini Kenya, taarifa zikivuja na kuhatarisha wahusika, taasisi inatakiwa kumjulisha Kamishna wa Data ndani ya saa 72.

Ufanye nini

• Tumia majina yaleyale, kwa mpangilio uleule wa kitambulisho chako, katika kila hospitali. Ukibadilisha simu au makazi, sema.

• Kagua tarehe kwenye kadi na majibu kabla ya kuondoka. Kosa la mwezi mmoja humfanya mkaguzi aone ucheleweshaji ambao haukuwapo, au asiuone uliokuwapo.

• Uliza: nani atasoma faili langu, jina litaondolewa lini, na taarifa zitahifadhiwa wapi?

• Usiruhusu majibu yako yapigwe picha bila kuelezwa yanapelekwa wapi. Daktari anaweza kuhitaji ushauri wa mwenzake, lakini kundi la WhatsApp lenye watu wengi si mahali pa jina lako.

• Ukipewa fomu za kutia saini, tenganisha saini ya matibabu na saini ya utafiti. Kukataa utafiti hakukunyimi tiba ya kawaida.

• Siri ikivuja, anza kwa kulalamika kwa maandishi hospitalini na ubaki na nakala. Usiporidhika, nenda Ofisi ya Kamishna wa Ulinzi wa Data nchini Kenya, au Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi nchini Tanzania.

Ripoti ya ukaguzi inapotoka, uliza pia hospitali yako imebadilisha nini. Waliochangia tarehe na majibu yao wanastahili kujua kama foleni ya kinyama imepungua.