Ukisha Kuhojiwa kwa Ajili ya Kazi

Msomaji aliyepata kuitwa kuhojiwa kwa ajili ya kazi ataifahamu hali hii. Ametoka chumbani, ameshuka ngazi, na kabla hajafika kituo cha basi ameanza kujishtaki. Mbona swali la tatu alilijibu vile? Yule mama aliyekaa mwisho wa meza hakutabasamu hata mara moja, na mwenyekiti alitazama saa. Afikapo nyumbani amekwisha kujihukumu, na mara nyingi hukumu hiyo haina ushahidi.

Jambo hili si dogo. Mtu aliyekwisha kujihukumu hutenda kama mtu aliyeshindwa. Simu ya namba asiyoijua haipokei; au hurudi zake kijijini, na akiitwa mara ya pili hana nauli ya kumrudisha mjini. Yuko na mwenzake, ambaye alichekewa na kuletewa chai, akatoka akijiona ameajiriwa. Huyo huacha kuomba mahali pengine, akangoja miezi mitatu, na barua isije. Wote wawili walizisoma nyuso za watu, wala hawakuyapima majibu yao.

Wataalamu wa mambo ya nafsi wameuchunguza udanganyifu huu. Katika mwaka 1998 Thomas Gilovich na wenzake huko Marekani walieleza kwamba mtu hudhani yaliyomo moyoni mwake yanaonekana nje kuliko yanavyoonekana kweli. Katika mwaka 2003 yeye na Kenneth Savitsky waliwachunguza watu waliotoa hotuba: wasemaji walidhani hofu yao ilionekana wazi, lakini wasikilizaji waliiona kwa uchache zaidi. Tena wale walioelezwa jambo hilo mapema walihutubu vizuri kuliko wengine. Mwaka 2018 Erica Boothby na wenzake waliwauliza watu waliokuwa wameongea na wageni, wakaona kwamba kwa kawaida mtu alikuwa amependwa kuliko alivyodhani. Mazungumzo yale hayakuwa mahojiano ya kazi, basi tusiyape uzito yasiyostahili. Lakini yatosha kutuonya tusiamini upesi uchungu wa saa ile.

Tena yafaa kujua kazi ya wale walioketi mezani. Mahali penye utaratibu mzuri kila mwombaji huulizwa maswali yale yale, na kila mjumbe huandika alama katika karatasi yake. Utafiti wa Frank Schmidt na John Hunter wa mwaka 1998, na ule wa Paul Sackett na wenzake wa mwaka 2022, ulionyesha kwamba mahojiano ya namna hii hupima ustadi wa mtu vizuri kuliko mazungumzo yasiyo na mpango. Mjumbe anayeandika hawezi kukutazama. Mjumbe asiyecheka huenda ameagizwa asimwonyeshe mtu yeyote upendeleo, na huyo mwenyekiti aliyetazama saa ana watu kumi wanaongoja barazani.

Ujipimeje, basi? Jioni ile ile, kabla hujasahau, chukua daftari uandike kila swali ulilokumbuka, na kando yake neno ulilojibu. Kisha lisome tena tangazo la kazi. Tuchukue mfano wa karani wa stoo katika hospitali ya kaunti. Ameulizwa: kitabu kinasema makasha ya dawa ni 40, na rafuni kuna 36, utafanya nini? Mmoja hujibu, "Mimi ni mwaminifu na mchapa kazi, sijaiba kamwe." Huyo amejitetea, na hakuna aliyemshtaki. Mwingine husema: "Nitahesabu tena mbele ya mwenzangu. Nitatazama hati za kupokea na za kutoa. Nikikosa sababu nitamwandikia mkubwa wangu siku hiyo hiyo, wala sitabadili tarakimu iliyomo kitabuni." Huyu wa pili hata sauti yake ikitetemeka amewaonyesha kazi. Ukiona majibu yako mengi yanafanana na la kwanza, umepata somo la safari ijayo. Yakifanana na la pili, lala usingizi.

Juu ya kupendeza hatuna mengi. Nguo ziwe safi. Si lazima ziwe mpya, na viatu vya kuazima vibanavyo vidole havimsaidii mtu kufikiri. Akaaye Thika au Kitengela na kuitwa Nairobi saa mbili asubuhi aondoke gizani. Lakini kuna jambo moja la mila. Wengi wetu tulifunzwa kuinamisha macho mbele ya mkubwa, na adabu hiyo ni njema. Huko mezani, hata hivyo, yaweza kudhaniwa kwamba unaficha neno. Mtazame kwa upole anayekuuliza. Na usilolijua, sema hulijui, kisha eleza utakavyolitafuta.

Zamani Mwafrika wa Kenya hakupewa nafasi kubwa ya kujieleza. Kipande, kilichoanza kutumika baada ya Vita Kuu ya Kwanza kwa sheria ya mwaka 1915, kilivaliwa shingoni ndani ya kikopo cha chuma, nacho kilikuwa na alama za vidole, jina la mwajiri na mshahara. Karatasi ile ilimsemea mtu kabla hajafungua kinywa, mpaka utaratibu ule ulipoondolewa mwaka 1947. Leo kifungu cha 5 cha Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 chakataza ubaguzi kwa ajili ya kabila, dini, ulemavu, ujauzito, ndoa na mengineyo. Dada aliyeulizwa kama ana mpango wa kuzaa asihesabu swali hilo katika makosa yake. Kosa ni la muulizaji.

Tumesema aliyejihukumu hutenda kama aliyeshindwa; yeye pia ndiye awindwaye na matapeli. Simu hulia: "Jina lako liko karibu kukatwa, tuma kitu kidogo tulirudishe." Tume ya Utumishi wa Umma haitozi ada kwa kuajiri mtu. Lakini aliyekwisha kukata tamaa hutoa hata fedha za karo ya mdogo wake, kumbe pengine majibu yake yalikuwa mazuri tangu mwanzo. Ukitaka habari, andika barua fupi ya heshima kwa ofisi iliyokuita, baada ya muda waliokuambia kwisha; na barua moja yatosha. Wakati huo huo peleka maombi mahali pengine, ukiwa na daftari lako mfukoni.