SOMO: CHUMA KINACHOJENGWA KWA LEZA



Katika somo hili tutajifunza njia mpya ya kutengeneza vyombo vikubwa vya chuma. Chuma hakimiminwi katika kalibu, wala hakichongwi. Mashine hupuliza unga wa chuma, na mwali wa leza huuyeyusha, tabaka juu ya tabaka, mpaka chombo kinasimama. Mwaka 2020 shirika la anga la Marekani, NASA, lilieleza kuwa kwa njia hii limepata pua ya injini ya roketi, yaani sehemu inayotolea moto, yenye upana wa inchi 40 na kimo cha inchi 38. Ilijengwa kwa siku 30. Kwa kuchomelea kama zamani ingechukua karibu mwaka mzima.

Waajiri watazisifu siku hizo 30. Sisi tutazame chuma chenyewe.

Kila aliyepata kuchomelea anajua kuwa bamba likichomelewa upande mmoja, hupinda likipoa. Chuma kikipata moto hutanuka, kikipoa hujikunyata. Leza hufanya kazi hiyo hiyo mara maelfu. Tabaka jipya linapopoa hutaka kujikunyata, lakini lililo chini limekwisha kuwa gumu na hulizuia. Mvutano huo hubaki ndani. Chombo huweza kupinda, au kupasuka hata kabla hakijatumika.

Yako na matatizo mengine:

(a) Unga usipoyeyuka vizuri, au gesi ikinaswa, vitundu hubaki ndani.

(b) Chembe za chuma hukua kuelekea juu, kwa hiyo nguvu ya chombo kwa wima huweza kuwa tofauti na nguvu yake kwa ubavu.

(c) Katika chombo kikubwa joto hulimbikizana. Tabaka za juu hupoa polepole kuliko zile za kwanza, na chuma hakiwi cha namna moja.

(d) Titani ikiwa moto hunyonya oksijeni ya hewani, ikawa ya kuvunjika kama kigae. Ndiyo maana hufunikwa kwa gesi ya argoni.

Dawa zipo. Chombo hutiwa katika tanuri ili mvutano ulegee, hupigwa eksirei, na vipande vya majaribio huvutwa mpaka vikatike. Lakini hayo yote yanataka muda na fedha, na mwenye haraka huyaruka kwanza. Chombo kikionekana kizuri nje, ufa wa ndani hauonekani kwa macho. Siku kitakapovunjika, atakayeumia ni aliyesimama karibu nacho.

Kwa hiyo tudai mambo mawili: mafunzo kwa mafundi wetu, na haki ya mkaguzi kukataa chombo kibovu bila kufukuzwa kazi.

MASWALI YA KUJADILI TAWINI

1. Kwa nini bamba lililochomelewa hupinda?
2. Nani kiwandani kwenu ana mamlaka ya kusema, "Chombo hiki hakifai"?
3. Akisema hivyo, nani humlinda?