Safari ya Ndege na Kompyuta

Siku hizi mtu wa Nansio huvuka ziwa kwa meli, akapanda ndege Mwanza kwenda Dar es Salaam. Pengine wewe ni katibu wa ushirika, na hesabu za wanachama zimo katika kompyuta mpakato, yaani laptopu. Utaibebaje?

Kwanza, usiiweke katika sanduku linalokwenda chini ya ndege. Ibebe mkononi. Betri yake ni ya lithiamu. Ikiumia huweza kuwaka. Ikiwaka karibu na abiria, wahudumu wataizima na kuipoza kwa maji. Ikiwaka kule chini kwenye mizigo, nani ataifikia? Betri za akiba na pawabenki zimekatazwa kabisa huko.

Pili, kwenye ukaguzi itoe mkobani, uiweke peke yake katika trei. Ikibaki mkobani, huficha vitu vingine mashine isivione vizuri. Viwanja vingine vina mashine mpya. Basi fuata asemavyo mkaguzi. Usigombane naye, hajakuita mwizi.

Tatu, ukishapita, ichukue upesi. Ni mali ya wanachama!

Maswali
1. Kwa nini kompyuta haiwekwi chini ya ndege?
2. Kwa nini huwekwa peke yake katika trei?