SOMO LA JIOGRAFIA: NGOME NA MLIMA WAKATI WA BARIDI

Sisi tukaao karibu na Ikweta tumezoea siku zilizo sawa. Jua huchomoza kama saa 12 asubuhi na kuchwa kama saa 12 jioni, mwaka mzima. Basi mtu apangapo safari ya miguu hana haja ya kuhesabu mwanga. Lakini aendaye Ulaya, kwa masomo au kwa matembezi, hana budi kujifunza hesabu hiyo. Na tutazame Wales, magharibi ya Uingereza, nchi ya ngome nyingi na milima.

Huko wageni hujaa wakati wa kiangazi. Mlima wa Snowdon, ambao wenyeji huuita Yr Wyddfa, una urefu wa futi 3,560, na kila mwaka hupandwa na watu zaidi ya 500,000. Wakati wa baridi njia ni nyeupe, na vyumba vya kulala hupatikana kwa bei nafuu. Faida hizo ni za kweli, lakini zina masharti yake.

Kwanza, ngome. Ngome ya Caernarfon, iliyoanza kujengwa mwaka 1283 kwa amri ya Mfalme Edward I, hufunguliwa karibu mwaka mzima. Ila wakati wa baridi hufungwa mapema, na siku chache za Krismasi haifunguliwi kabisa. Basi uliza saa zake kabla ya kuondoka. Ngome ya Dolbadarn, iliyojengwa na wakuu wa Wales wenyewe, ni ndogo. Mnara wake wa mviringo umesimama karibu na kijiji cha Llanberis, chini ya mlima.

Pili, mwanga. Mwishoni mwa Desemba jua huchomoza Llanberis kama saa 2 na nusu asubuhi, na kuchwa kama saa 10 alasiri. Njia ya kwenda kileleni na kurudi ni maili 9, na kupanda ni futi 3,200. Mwaka 1892 Mskoti mmoja, William Naismith, alitoa kanuni hii: saa 1 kwa kila maili 3, na saa 1 zaidi kwa kila futi 2,000 za kupanda. Kwa hiyo ni saa 3, na saa 1 na dakika 36. Jumla saa 4 na dakika 36. Ongeza saa 1 ya kupumzika. Aondokaye jua lichomozapo atarudi kama saa 8 mchana. Aondokaye saa 6 mchana atarudi saa 11 na nusu, na giza limekwisha ingia tangu zamani. Theluji ikiwapo, mwendo ni wa polepole zaidi.

Tatu, baridi. Kila futi 1,000 upandazo, joto hupungua kama digrii 2 za sentigredi. Kijijini kukiwa na digrii 5, kileleni maji huganda. Usitumaini gari moshi la mlimani, kwani wakati wa baridi haliendi, na nyumba ya kileleni hufungwa. Juu ya stesheni ya Clogwyn theluji hujaza njia ya reli, ikawa mteremko wa barafu uishiao magengeni. Watu wamekufa hapo. Asiye na shoka la barafu na miiba ya chuma ya kufunga viatuni, wala hajafunzwa kuvitumia, asipite.

Basi mpango mwema ni huu: usiufunge mlima kwa tarehe. Tenga siku kadhaa. Ile iliyo shwari iwe ya mlima, za mvua ziwe za ngome. Theluji ikizidi, zunguka ziwa la Padarn chini ya Dolbadarn, urudi salama. Mlima hauhami.

ZOEZI
1. Njia ina maili 6 na kupanda futi 2,000. Kwa kanuni ya Naismith, ni saa ngapi?
2. Aondokaye saa 7 mchana mwezi wa Desemba, akapumzika saa 1, je, atarudi kabla ya jua kuchwa?
3. Kwa nini siku za Wales hutofautiana urefu kuliko zetu?