SOMO: DINARI ILIKUWA NA SURA YA NANI?

Soma: Marko 12:13-17

Dinari ilikuwa sarafu ya fedha ya Warumi, mshahara wa kibarua kwa siku moja (Mathayo 20:2). Kaisari Tiberio alitawala mwaka 14 hadi 37. Dinari yake ilikuwa na sura yake, na maandishi yalimwita mwana wa Augusto aliyefanywa mungu.

Lakini mwaka 64 Kaisari Nero alipunguza fedha ndani ya dinari. Waliomfuata wakazidi kupunguza. Kufikia miaka ya 260 sarafu za Kaisari zilikuwa karibu shaba tupu, zimepakwa fedha juu. Sura ilibaki, thamani ikaisha.

Mtu naye ana sura: ya Mungu (Mwanzo 1:27). Hiyo hata ukimbizi haiipunguzi.

Swali: Tumrudishie Mungu nini?