Mafunzo Niliyopata kwenye Sinia la Leicester

Msafiri wa kazi hula chakula cha jioni peke yake, tena kwa posho ambayo mhasibu anaisubiri kwa hamu. Kazi ilinipeleka Leicester, katikati ya Uingereza, kukagua mashine za kufumia soksi zilizokwisha kutumika. Soksi na fulana ndizo zilizoutajirisha mji ule zamani. Mchana nilishinda na mashine, jioni nikawa mteja wa Wahindi.

1. Angalia nani wanakula. Uingereza, mikahawa mingi inayoitwa ya Kihindi ni ya watu wa Bangladeshi, hasa wa Sylhet, na mapishi yake yamefuata ulimi wa Mwingereza: kuku tikka masala, rojo la krimu, bia pembeni. Sina ugomvi nayo. Lakini tembea Belgrave Road, ile wanayoiita Golden Mile, upite maduka ya sari na masonara, utakuta mikahawa ya Wagujarati ambayo nyama haikanyagi jikoni. Ukiona bibi na wajukuu wake wanagombania bajia, ingia hapohapo.

2. Soma orodha ya vyakula hadi mwisho. Kurasa za mbele zina dhokla na kachori. Ukizidi kushuka unakutana na "mogo": ni muhogo wetu, umekaangwa, umepakwa pilipili na ndimu. Chini yake mahindi yaliyopikwa kwa nazi na karanga. Kwa wale wanaopika nyama, kuku wa kupaka yupo, kama aliyetoka Mombasa jana.

Haishangazi ukijua Wagujarati hao walikopitia. Wengi waliouhuisha mtaa ule walitoka kwetu. Kuna walioondoka Kenya baada ya sheria ya leseni za biashara ya 1967 kuwabana wasio raia, na waliofunga virago Tanzania majumba yalipotaifishwa 1971. Kisha Agosti 1972 Idi Amin akawapa Waasia wa Uganda siku 90. Watu kama 28,000 walipokelewa Uingereza. Halmashauri ya Leicester ililipia tangazo katika gazeti la Uganda Argus ikiwasihi wasije mjini kwake, kwamba nyumba na shule zimejaa. Wakaja. Leo mji huohuo hujinadi kwa wageni kwa taa za Diwali zinazowashwa barabara ile ile. Nilipokuwa natafuna muhogo wangu nilicheka peke yangu, jirani akanitazama.

3. Thali haina adabu ya kumaliza sahani. Sinia linakuja na vibakuli vya dengu, mboga mbili tatu, kadhi ya mtindi, chapati nyembamba zinazopakwa samli, wali, achari na papadi. Sisi tuliolelewa kwamba kubakiza chakula ni ufedhuli tunapata taabu kubwa hapa, kwa sababu kila kibakuli kikikauka anatokea mtu na upawa. Kusema "asante" hakusaidii, anaona unamsifu. Funika kibakuli kwa kiganja. Hiyo inaeleweka.

4. Kula kwa mkono. Mhudumu ataleta uma kwa heshima, uache ulale.

5. Usiwaulize waliondokaje. Hili nililijifunza kwa kutazama. Mama mwenye mkahawa aliposikia nikizungumza na nyumbani kwa simu, alikuja mezani akiwa na unga mikononi. "Wewe mtu wa wapi, mwanangu?" Nikamwambia Morogoro. Yeye alizaliwa Mwanza. Hakutaka siasa, alitaka kujua kama sato bado wanapatikana na wanauzwaje siku hizi. Nikamwambia, "Wapo, mama, ila bei imepanda." Akasikitika kwelikweli, ingawa kwake samaki haliwi. Kaka yake alizaliwa Mwanza pia, akahamia Kampala kufanya biashara. Alikaa kwenye kaunta ya malipo, akatusikia tangu mwanzo, akaendelea kuhesabu chenji. Huyu alikuja ugenini na masanduku aliyopangiwa na serikali, na dada yake alikuja kwa nauli yake. Kumuuliza kwa sababu tu nimelipia chakula kungekuwa kujipa haki nisiyokuwa nayo. Nikamwambia, "Shikamoo, mzee." Akaitikia "Marahaba" bila kuinua macho, kisha akanirudishia chenji pamoja na kipande cha barfi ambacho sikuagiza.

6. Omba risiti iliyoandikwa kila kitu, lakini jiandae kuitetea. Mhasibu wetu alizipitisha dengu, akazipitisha chapati, hata mtindi wa bizari haukumtikisa. Alipofika kwenye muhogo akavua miwani. Nauli ya ndege, viza, hoteli, halafu mtu anakula muhogo? Akaukata kwenye hesabu kwa kalamu nyekundu, na bado tunabishana.